Vigumba Vitano vya Mjomba

Jumapili moja mke wangu alirudi kutoka Nsambya, akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari, akaketi bila kunisalimu. Alikuwa ametoka kumjulia hali mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, aliyeletwa mjini kutoka Arua kutibiwa macho. Mzee alikuwa amefikia kwa mwanawe ambaye ni askari, kwenye nyumba za polisi.

"Amekataa kuja," akasema.

"Kuja wapi?"

"Kwa kwanjula ya mutoto. Anauliza mishale yake iko wapi."

Binti yetu mkubwa alikuwa amebakiza wiki tatu atambulishwe. Siku hiyo, ambayo Kampala tunaiita kwanjula, watu wa upande wa mwanamume huja nyumbani kwa binti kujieleza mbele ya wazee, na wazee wote wanatakiwa wawepo. Mahema yalikuwa yameshaagizwa na mashangazi walikuwa wameshagombana kuhusu rangi ya vitambaa. Mishale haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Ila ilikuwa kwenye orodha ya zamani. Nilipomwoa mke wangu, wazee wa kwao waliniandikia ng'ombe, mbuzi, na mwisho kabisa mstari mmoja: mishale mitano, ya mjomba. Kwao kaka wa mama ana haki yake, na haki yake ni mishale. Ng'ombe na mbuzi nilipeleka. Mishale nilipoitaja, mzee mmoja alicheka, akasema hiyo ni kati yangu na mjomba mwenyewe. Mimi kijana wa Mengo, mtoto wa mjini, ambaye sikuwahi kushika upinde hata wa kuchezea, nikadhani wananitania. Nikaishi na dhana hiyo miaka ishirini na sita.

"Yule mzee ndiye alinilea," mke wangu akasema. "Baba alikufa mimi niko darasa la pili. Kama yeye hakai pale, hata mimi sikai."

Namjua mke wangu. Akisema hakai, unaweza kuleta kiti cha dhahabu na bado atasimama nje ya uzio. Kwanjula bila mama wa binti ni aibu ambayo majirani wangeila kwa miezi, lakini si majirani walioniumiza roho. Kilichoniuma ni kumwona anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa huku akijifanya anapangusa jasho.

Huyo mjomba na mimi hatukuwa maadui, ila hatukuwahi kuzungumza. Alikuwa mwanajeshi zamani na Kiswahili chake ni cha kambini, kile kile tunachotumia mimi na mke wangu nyumbani, kwa hiyo lugha haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba nikimsalimu, aliitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia mke wangu: "Bwana yako amekula?" Na mimi nimekaa hapo hapo, mkono mmoja kutoka kwake, mdomo umejaa muhogo. Miaka yote hiyo nilijiambia sijali. Nilijali sana.

Mimi ni fundi wa funguo. Nina meza yangu Nakasero, chini kidogo ya soko, yenye jiliwa la kubania chuma, mashine ndogo ya kukatia, na tupa za kila namna. Na nina ugonjwa wa kuuliza. Mteja akiniletea ufunguo nataka kujua mlango wenyewe uko wapi, wa mbao au wa chuma, na ule mwingine alipoteza nani. Wengine huniangalia kwa jicho la wasiwasi, wakadhani napanga kuwaibia. Sipangi kitu. Nataka tu kujua.

Kwa hiyo nikiri: pamoja na huzuni ya mke wangu, moyoni nilisikia raha fulani. Mshale hutengenezwaje? Nilikuwa nimefika umri wa kuoza binti bila kujiuliza.

Nilianza karibu, kwa mwanamke mmoja anayeuza vinyago na ngoma ndogo kwa wageni. Alikuwa na mishale kwenye podo la ngozi ya mbuzi, yenye manyoya mekundu. Nikatoa mmoja, nikakibonyeza kichwa chake kwa kidole gumba. Kikakunjika kama kifuniko cha chupa.

"Sebo, hiyo ni ya ukutani," akaniambia. "Unataka kupiga nani?"

Nikamwuliza bati amelitoa wapi, gundi ni gani, manyoya ni ya kuku au ya ndege. Akajibu yote kwa subira, kisha akanipokonya mshale kwa upole akaurudisha mahali pake.

Nilipomsimulia mke wangu, akaenda kwenye kopo lake la sindano na uzi, akachakura, akanitolea kipande cha chuma cheusi kirefu kama kidole changu cha kati. Kilikuwa kigumba, kile kichwa cha mshale, bila mti wake. Kimetoka nyumbani kwa baba yake, akasema, na yeye hukitumia kufumulia pindo za nguo. Nilikishika nikashangaa. Kilikuwa na umbo la jani jembamba, mshipa katikati ukiinuka pande zote mbili, na mkia mrefu wa kuchomeka kwenye mti. Karibu na mkia kulikuwa na vijino vitatu vilivyokatwa, viwili upande huu na kimoja upande wa pili.

Hapo nikajiona nimeshafika. Mtu ameniletea mfano mmoja, anataka mingine kama huo: si ndiyo kazi ninayolalia na kuamkia? Nikaenda Katwe kwa mhunzi mmoja anayeyeyusha na kugonga chuma chakavu. Akanichagulia kipande cha springi ya lori.

"Hii chuma muzuli sana," akasema, akikigonga kwa kidole. "Nondo inapinda. Msumali unapinda. Hii haipindi, inavunjika kwanza."

Nikamwuliza kwa nini haipindi, akanieleza habari za moto na maji na mafuta machafu ya injini, nikakaa pale nusu siku nikisahau meza yangu. Akanigongea vipande vitano bapa. Kazi iliyobaki nikaimalizia mwenyewe kwa tupa, siku tano, kati ya mteja na mteja. Kigumba cha zamani nilikibana kwenye jiliwa na kukipima kila upande. Vijino vitatu nilivikata kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Katika kazi yetu kijino ndicho kila kitu. Ukikosea kimoja, mlango haufunguki na mteja anarudi na maneno. Nilipomaliza, vigumba vyangu vitano ungevichanganya usiweze kutofautisha kimoja na kingine. Nikaving'arisha hadi nikaona meno yangu ndani yake. Seremala mmoja jirani akanichongea miti.

Tulivipeleka Nsambya mke wangu na mimi, vimefungwa ndani ya kitenge kipya. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, jicho moja limefunikwa kwa bandeji, la pili likiwa na ule ukungu wa mtoto wa jicho. Mke wangu akamwekea mishale mapajani. Hakuitazama, angeitazamaje. Akapitisha kidole gumba juu ya kigumba cha kwanza, taratibu, kutoka nchani kwenda chini, mpaka kwenye vijino. Kidole kikasimama. Akashika cha pili, kidole kikasimama pale pale. Cha tatu hakukimaliza. Akaifunga yote kwenye kitenge, akamrudishia mke wangu, na kusema maneno machache kwa lugha ya kwao.

Mke wangu hakufungua mdomo mpaka tulipofika penye bodaboda.

"Zile vijino ni alama ya baba," akasema. "Kila mutu anaweka alama yake kwa mshale, ili mnyama akianguka watu wajue ni ya nani. Umemupelekea mjomba mishale ya mutu amekufa. Amesema, nyama yake atakula nani?"

"Na wewe hukujua?"

"Ningejua wapi? Mimi ni mutoto ya baraksi, ya kambi ya jeshi. Nilikuwa nafumulia nayo nguo!"

Tukatazamana, kisha tukacheka mpaka kijana wa boda akauliza kama tunapanda au hatupandi. Lakini tulipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha. Zilikuwa zimebaki siku kumi, na mke wangu alianza kuzungumza na mashangazi kuhusu nani atakaa kwenye kiti chake.

Nilimwuliza jambo lililokuwa likinikera. Kuwinda bila kibali ni kosa siku hizi. Mzee haoni hata kikombe chake. Hiyo mishale haitaruka popote. Sasa ni ya nini?

"Na hiyo pete yako," akanijibu, "inafungua mlango gani?"

Nikaitazama pete, nikaizungusha kidoleni.

Kuna mwanamume mmoja Mkongo, mkimbizi kutoka Ituri, anayeuza vitenge si mbali na barabara ya kwenda Nsambya. Niliwahi kumfungulia kufuli la duka lake, na wakati nikilifungua nilimwuliza maisha yake yote, kwa hiyo nilijua baba yake alikuwa mwindaji. Nikaenda kwake na kigumba kimoja mfukoni. Alikitazama, akakipima uzito kiganjani, akakichekea.

"Kinangaa sana. Nyama itakiona mbele ya wewe kuvuta." Kisha akauliza swali ambalo sikulijali wakati huo. "Unapenda kupiga nyama gani?"

Wao nyama ni mnyama. Sikujua. Nikasema kulungu, yule swala wa vichakani, kwa sababu ndiye wa kwanza kunijia akilini.

"Sawa. Kulungu."

Akachukua chaki ya fundi cherehani na kipande cha boksi, akanichorea. Mimi nilikuwa nikidhani mshale unaua kwa ncha. Akaniambia ncha inafungua njia tu. Kazi inafanywa na makali ya pembeni. Kigumba kipana kinakata mishipa mingi, damu inatoka kwa wingi, mnyama hateseki muda mrefu na wewe unafuata damu kwenye majani. Lakini upana una gharama yake: kinagoma kwenye mfupa, na upinde dhaifu hauwezi kukisukuma. Kigumba chembamba kinapenya hata ngozi ya nguruwe wa porini, ila kinaacha tundu dogo, na mnyama anaweza kukimbia na mshale wako mpaka jioni. Vile vyenye miiba ya nyuma havitoki vikishaingia. Vya ndege havina ncha kabisa, ni kipande butu cha mti, kinamzimisha ndege bila kuharibu manyoya.

Nikamwambia vinne vilivyobaki nyumbani vinafanana na hicho. "Na kwa nini vyako vyote ni sawa?" akauliza. "Mutu ya pori haina mishale tano sawa. Kila moja iko na kazi yake."

Nilimwuliza habari za msituni: mtu husimama umbali gani, mnyama husikia nini, mkia wa kigumba hushikwa na nini ndani ya mti. Msituni unampiga karibu, akasema, kama kutoka hapa mpaka kwa yule mama wa nyanya, kwa hiyo kigumba kinaweza kuwa kizito na kipana. Mkia unachomekwa na utomvu wa moto, kisha unafungwa kwa mshipa wa mnyama uliolowekwa. Na makali ya pande mbili yasipolingana, mshale unapiga mluzi hewani na kulungu anaruka kabla haujafika. Hilo la mluzi lilinifurahisha hata nikamwomba alirudie. Wateja wake wawili waliondoka bila kuhudumiwa, na yeye hakujali, maana ilionekana alikuwa hajaulizwa mambo hayo tangu avuke mpaka.

Nilitengeneza upya. Safari hii vitano tofauti: viwili vipana vya kulungu, kimoja chembamba, kimoja chenye miiba, na kimoja butu cha mti. Hakuna kung'arisha, vile vya chuma nilivipaka mafuta na kuvichoma vikawa vyeusi. Hakuna vijino. Nilipima makali kwa pande zote mpaka vidole vikatoka damu, nikavichomeka kwenye miti, nikairusha mishale hewani mmoja mmoja kwenye uwanja wa nyuma ili kusikia kama inapiga mluzi. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa akila kwa mara ya kwanza.

Zilibaki siku tatu tuliporudi Nsambya. Ilikuwa alasiri, watoto wa askari wanapiga mpira kati ya nyumba. Mzee alikuwa kwenye kiti kile kile. Bandeji ilikuwa imetolewa, jicho hilo limevaa miwani nyeusi. Mke wangu akamwekea mishale mapajani.

Alipitisha vidole. Safari hii alifika mwisho wa kila kigumba. Alikigonga kimoja kwa ukucha, akakisogeza sikioni. Kipana kimoja alikilaza kwenye mkono wake, akakivuta kidogo, kikanyoa nywele.

"Hii ya nyama gani?" akauliza, na uso wake ulikuwa umeelekea kwangu.

Nilimtazama mke wangu, nikidhani anaulizwa yeye. Mke wangu akanionyesha kwa kidevu: wewe.

"Kulungu, muzee."

"Nani alikwambia mimi napiga kulungu?"

"Hakuna mutu. Nilifikiria tu."

"Hii ni kazi ya mutu ya musitu. Nani alikufundisha?"

"Mukongo moja, anauza kitenge hapo barabarani."

"Na hii chuma?"

"Fundi ya Katwe."

"Umeuliza mutu ingine?"

"Nilianza kwa mama ya vinyago, muzee. Lakini yeye iko na bati tu."

Akainua mkono, akaanza kukunja vidole, polepole, kama anayehesabu askari.

"Mama ya vinyago umemuuliza. Mutu ya Katwe umemuuliza. Mukongo umemuuliza. Mimi niko hapa Nsambya, wiki tatu nakaa kwa hii kiti. Mimi umeniuliza nini?"

Nikatazama ile mishale mapajani mwake.

"Kwetu mishale hainunuliwi," akasema. "Mukwe anakuja, anakaa chini, anauliza: mjomba, unawinda wapi, nyama gani, upinde yako nguvu yake namna gani, unataka kichwa gani. Unamwambia. Anarudi tena, anauliza tena. Hapo ndio mutu na mukwe wake wanajuana. Mimi nilingoja. Kila mara unakuja kwangu, unasalimia, unakula, unakwenda."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Mimi ambaye humwuliza mteja wa dakika tano mlango wake ni wa mbao au wa chuma, sikuwahi kumwuliza mtu huyu hata swali moja. Miaka yote nilikuwa nimenuna kwamba hazungumzi nami, na yeye alikuwa amekaa akisubiri nifungue mdomo. Nilitaka kumwomba radhi, lakini nikaona maneno ya radhi yangekuwa ni kuzungumza juu yangu tena. Nikavuta kigoda, nikaketi karibu na magoti yake.

"Mjomba," nikasema, na nilikuwa sijawahi kumwita hivyo, "ulikuwa unawinda wapi?"

Akaikusanya mishale pamoja mapajani. Kisha akaanza.

Hakukuwa na kulungu wala msitu. Kulikuwa na uwanda wa nyasi, wakati wa kiangazi, moto ukishapita na nyasi mpya zikichomoza kijani chini ya majivu. Wale swala wekundu wanaokaa kwa makundi walikuja kula hapo, na mahali palipo wazi namna hiyo huwezi kumkaribia mnyama. Unapiga kutoka mbali. Kigumba kipana cha Mkongo, akasema, upepo ungekichukua kukipeleka Sudani. Yeye alitaka kifupi, chepesi, mabega membamba, makali mpaka mwisho. Nikamwuliza ufupi wa kiasi gani, akanishika kidole changu akapima kwa ukucha. Nikamwuliza nani alikuwa akifuata damu, akacheka.

"Mama ya huyu," akasema, akielekeza kichwa upande wa mke wangu. "Alikuwa musichana mudogo. Macho yake yalikuwa makali kuliko ya wanaume yote. Tulikuwa tunamuficha baba yetu, asijue."

Mke wangu alikuwa amesimama na sinia la chai. Alikuwa hajawahi kusikia hilo. Alilishika sinia mpaka chai ikapoa, kisha akaketi chini, naye akaanza kuuliza.

Tuliondoka na mishale yetu jua likielekea kuzama, bila ahadi yoyote kutoka kwa mzee. Nilianza upya asubuhi iliyofuata kwa kipande cha springi kilichobaki, lakini kazi ya tupa haiharakishwi, na mchana nilipanda boda mara mbili kwenda Nsambya kuuliza habari ya mkia na habari ya uzito. Ijumaa jioni nilikuwa na vigumba vitatu tu vya kueleweka. Sikuvibeba kurudi nyumbani. Nilimwambia mke wangu kwamba nimeshindwa, akanijibu, "Basi," na kuendelea kukunja nguo.

Jumamosi, wageni wakiwa wameshaketi chini ya mahema, mzee aliingia ameshikwa kiwiko na mwanawe, amevaa koti la zamani lililopigwa pasi vizuri. Alipelekwa mstari wa mbele. Mke wangu alimwona kutoka mlangoni, akatoka, akaketi kwenye kiti cha mama wa binti. Msemaji wetu, kama desturi ilivyo, akauliza kama kuna mzee yeyote mwenye neno na nyumba hii kabla binti hajaitwa.

Mzee akasimama.

"Mimi ni mjomba ya mama," akasema kwa sauti ya gwaride. "Nyumba hii ilikuwa na mishale yangu tano. Nimepokea."

Akaketi. Watu wakapiga makofi, bila kujua wanapigia nini. Mke wangu akalia mbele ya wote, nami nikalia pia, sikujificha. Vigumba vitatu vilikuwa Nakasero ndani ya droo ya meza yangu, na viwili vilikuwa bado vipande vya springi.